Namba Saba Yupo

Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri, na hadi saa mbili asubuhi msoma mita alikuwa ameshatukanwa mara sita kwa ajili ya umeme huo.

Kosa halikuwa lake. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kufunua vifuniko vya mita na kunakili tarakimu. Hakuwahi kugusa nguzo wala waya wa njiani. Lakini kwa majirani, anayevaa fulana ya shirika ndiye shirika lenyewe, na asubuhi ile, mvua ikipiga kwa ubavu na upepo ukivuta mabati kama mtu anayetaka kuchungulia ndani, kila aliyepita dirishani kwake alimwachia neno.

"Baba Mapacha, mmetuzimia tena?"

"Hatujazima. Imezima dhoruba."

"Aa, leo dhoruba nayo mmeiajiri!"

Mkewe alicheka kutoka jikoni. Mapacha wenyewe walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake, lakini jina lilibaki nyumbani na wazazi. Alimletea chai kwenye chumba kilichokuwa stoo, ambacho sasa kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, dirisha dogo lililozibwa kwa nailoni, na redio.

Alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Alifanya mtihani, akapewa leseni na utambulisho wa herufi na tarakimu ambao mkewe hakuwahi kuukariri. Siku za kawaida yeye na wenzake wanane waliongea mambo ya antena, mpira, na nani kanunua kifaa gani akamficha mkewe. Hawakulipwa. Lakini miaka minne nyuma mafuriko yaliangusha minara ya simu, na kwa siku mbili mji ulikuwa kiziwi na bubu. Baada ya hapo kamati ya maafa iliwaita wale watu tisa, ikawapa namba, ikaafikiana nao utaratibu wa karatasi moja.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila robo saa, kituo kiongozi kinaita namba moja baada ya nyingine. Anayeitika yupo. Asiyeitika mara mbili mfululizo, lori linamfuata. Lori lilikuwa moja tu, la halmashauri, lenye magurudumu marefu, na liliamriwa na katibu wa kamati aliyekaa ofisini kwake na redio ya kuazima. Kituo kiongozi alikuwa msoma mita. Hewani walimwita Mita.

Minara ya simu ilizimika saa moja na nusu. Tangu hapo zilibaki redio zile tisa, ya katibu na ya lori.

Alikuwa na betri mbili chini ya meza, moja ya kununua na nyingine iliyong'olewa kwenye lori bovu. Paneli ya sola juu ya paa haikuingiza kitu. Wingu lilikuwa zito, na saa mbili asubuhi chumba kilikuwa na mwanga wa saa kumi na mbili jioni. Kipimo cha volti kilisoma kumi na mbili na nukta nne. Alijua hesabu yake: kusikiliza kunadonoa betri kama kuku, kusema kunainywa kama ng'ombe. Volti zikifika kumi na moja, redio inajizima yenyewe, ukitaka usitake.

Mzunguko wa saa mbili na robo ulikuwa wa mwisho kufanywa kwa sauti.

"Namba nne?"

"Nne yupo." Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi kilimani karibu na tangi la maji la mji, na kwa sababu hiyo jina lake hewani lilikuwa Tangi. Alikuwa na antena ndefu na betri nne zilizojaa. Akisema, mshale unaopima nguvu ya mawimbi kwenye redio ya Mita uliruka hadi tisa na kukaa hapo. "Huku paa linaimba, lakini lipo."

Tano, sita.

"Namba saba?"

"Saba yupo, shem." Sauti ilikuja kwa mbali, na mshale haukupita nne. Saba alikuwa mume wa dada yake Mita. Alihudumu kwenye pampu ya maji, nyuma ya kilima, chini ya tuta la udongo lililozuia bwawa. Antena yake ilikuwa fupi, na redio aliiendesha kwa betri ya pikipiki. "Waambie wenzako wa shirika waturudishie umeme, pampu imelala. Au wamekwenda likizo?"

"Wewe tazama maji yako. Yamefika wapi?"

"Yamebakiza dhiraa moja ukingoni. Sijapenda rangi yake."

"Rangi gani?"

"Ya tuta," alisema Saba. "Maji yanapita yakiwa na rangi ya tuta."

Hapakuwa na mzaha katika hilo: tuta lilikuwa linaliwa. Chini ya tuta palikuwa na nyumba kumi na mbili, na moja ilikuwa ya dada yake. Tuta lilikuwa na mlango wa chuma wa kupunguzia maji, unaofunguliwa kwa usukani, kwa mkono, mzunguko mmoja mmoja. Mvua kubwa ikija, ujia wa kufikia usukani unafunikwa, na anayeufungua inabidi mtu amshikie kamba.

"Betri yako vipi?" Mita aliuliza.

"Inakohoa."

Ndipo alipopata wazo, na alilipenda papo hapo. Aliita vituo vyote. Tangu sasa, alisema, hakuna kusema. Ukisikia namba yako, bonyeza kitufe cha kusemea mara mbili, bila neno, uachie. Mimi nitasikia tka, tka, nitajua upo. Mwenye shida peke yake ndiye atakayefungua mdomo. Betri zitadumu mara tatu zaidi.

"Mita," alisema Tangi, "ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa maksi zote na ya ziada."

Saa mbili na nusu walianza. Mita alitaja namba, redio ikajibu tka, tka, naye akasema "yupo" na kuandika. Alikuwa amechora daftari kwa rula, kama alivyofanya kazini: namba za vituo juu, saa ubavuni, na katika kila kisanduku tarakimu iliyoonyeshwa na mshale. Hakuna aliyemwambia aandike mshale. Aliandika kwa sababu ulikuwepo.

Nje, barabara iligeuka mto. Ulipita mlango mzima ukiwa na kufuli yake, kikafuata kiti cha plastiki kikizunguka polepole kama kina mtu. Bomba lililobeba antena lilianza kutoa mlio mwembamba ambao haukukoma. Waya ulioingia ukutani ulitetemeka, na Mita alipoushika aliuhisi kiganjani ukijivuta.

Mizunguko ilikwenda. Saa tatu. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu. Radi zilipasuka ndani ya redio mfululizo, kiasi kwamba alikuwa akisikiliza huku amefumba macho, akifumbua kuutazama mshale tu. Wote waliitika. Moja yupo. Nne yupo. Saba yupo. Kila alipofika kwa Saba alingoja kidogo zaidi, na kila alipozisikia zile tka mbili pumzi ilimshuka.

"Anaendeleaje shemeji?" mkewe aliuliza akiwa mlangoni.

"Yupo."

"Na wifi?"

"Yeye akiwepo, nao wapo."

Saa nne na nusu alimaliza mzunguko wa tisa, akamwita katibu. Volti zilikuwa kumi na moja na nukta sita.

"Vituo vyote tisa vipo," alisema.

"Pampu je?" katibu aliuliza. "Maana nina lori moja, na shule ya upande wa pili wananiita. Paa la darasa limeondoka. Watoto wamekimbilia ngazi za zege, lakini maji yako uwanjani."

"Saba yupo."

"Basi lori linakwenda shule."

Ukurasa ulikuwa umejaa. Katika kazi ya kusoma mita kuna desturi moja ambayo hakuna anayeifundisha lakini kila mtu anaifanya: ukurasa ukijaa, kabla ya kufunua mwingine, unashusha kidole kwenye kila safu kutoka juu hadi chini, kutafuta tarakimu iliyoruka. Mita ya umeme hairuki. Tarakimu ikiruka, kuna mtu kaingiza mkono. Alishusha kidole safu ya kwanza. Ya pili, ya tatu. Ya nne, ya Tangi, ilikuwa tisa tupu kutoka juu hadi chini.

Safu ya saba ilisomeka hivi: nne, nne, nne, tatu. Kisha tisa, tisa, tisa, tisa, tisa.

Alirudisha kidole juu, akakishusha tena. Mwandiko ulikuwa wake. Saa tatu na robo, tatu. Saa tatu na nusu, tisa. Betri ya pikipiki inayokohoa haipandi kutoka tatu hadi tisa. Betri inayokufa hushuka, na ikishafika chini hunyamaza.

Alishika kipaza sauti. 

"Vituo vyote, nyamazeni. Namba saba. Saba, ukinisikia, bonyeza mara tatu. Tatu, si mbili."

Radi. Mlio wa bomba. Kisha: tka, tka, tka.

Mshale uliruka hadi tisa mara tatu.

"Tangi," alisema Mita. "Ni wewe?"

Mshale uliruka tena hadi tisa.

"Ni mimi," alisema mwalimu.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Nilimsikia saa tatu na robo, dhaifu mno. Nikasema ngoja nimpokezee, nibonyeze badala yake, asije akamaliza betri. Si tunapokezeana siku zote?"

"Na saa tatu na nusu ulimsikia?"

"Nilidhani nimemsikia. Kulikuwa na radi."

"Saa nne?"

Redio ilileta radi tupu.

"Mwalimu, saa nne ulimsikia?"

"Hapana. Lakini nilijua yupo."

"Ulijuaje?"

"Si wewe ulikuwa unasema yupo?" Sauti ya mwalimu ilipanda kisha ikavunjika. "Kila mzunguko ulisema Saba yupo. Mimi nikajua wewe unamsikia. Hata hizi tatu, Mita, mkono umekwenda wenyewe. Miaka thelathini nimewachapa watoto kwa kuitikiana majina darasani. Miaka thelathini!"

Mita hakuwa na volti za kumjibu. Kipimo kilikuwa kumi na moja na nukta nne. Alimwita katibu.

"Namba saba hajaitika tangu saa tatu na robo," alisema. "Taarifa zangu tano za mwisho juu yake si za kweli. Ameitikiwa na mtu mwingine."

"Rudia."

Alirudia, akautazama mshale wa volti ukiinama kwa kila neno.

"Dakika tano zilizopita umeniambia yupo," alisema katibu. "Sasa nikuamini lipi?"

"Hili."

"Lori liko njiani kwenda kwa watoto. Unataka niligeuze?" katibu aliuliza. "Huyo wa pampu si shemeji yako?"

"Ni shemeji yangu. Na dada yangu yupo hapo hapo. Kwa hiyo mimi sikuambii ufanye nini. Nakuambia nilichokupa ni uongo, na maji saa mbili na robo yalikuwa dhiraa moja kutoka ukingoni, yana rangi ya tuta. Watoto wako juu ya zege. Hawa wako chini ya udongo. Amua."

Katibu alitukana, si kwa mtu, kisha wakamsikia akimwita dereva na kumwambia ageuze.

Zilibaki nukta chache. Mita alibonyeza kitufe mara moja tena. "Tangi, mimi nabaki kusikiliza tu. Shika uongozi wewe. Kwa sauti. Kila mtu aseme kwa mdomo wake."

"Mimi?" alisema mwalimu.

"Wewe ndiye mwenye betri."

Akazima taa ndogo ya meza, akakaa gizani mchana kweupe. Mkewe aliingia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amesikia yote. Nyumba haikuwa kubwa. 

Saa tano kasorobo mwalimu aliita vituo. Aliita vibaya, akirukaruka, lakini wote walisema kwa sauti zao wenyewe, mmoja akikohoa, mwingine mtoto akilia nyuma yake. Alipofika kwa Saba aliita, akangoja. Akaita tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Saba hayupo," na kuendelea. Saa tano alisema hivyo hivyo. Mara mbili mfululizo, sasa ndipo zilipotimia.

Dereva alisikika saa tano na dakika kumi. Maji yalikuwa kwenye madirisha ya nyumba za pampu, alisema, na watu walikuwa juu ya mapaa. Alianza kuwashusha. Alihesabu kwa sauti, bila kuombwa: bibi mmoja, watoto wanne, mwanamke mjamzito, wanaume watatu. Mita alihesabu pamoja naye kwa vidole juu ya goti. Waliokuwa juu ya mapaa ya nyumba zote kumi na mbili walipatikana, watu arobaini na mmoja.

"Maji yanashuka," dereva alisema baadaye, sauti ikishangaa. "Tuta limemong'onyoka ubavu mzima lakini limesimama. Nimepanda hadi kwenye mlango wa maji. Mlango uko wazi mpaka mwisho. Usukani upo, koleo lipo. Kiatu kimoja kipo. Mtu hayupo."

Angepatikana kesho yake mchana, kwenye nguzo za daraja, lakini saa hiyo hakuna aliyelijua hilo, na dereva aliahidi kuendelea kutafuta.

Kisha kulikuwa na mkwaruzo, kama kipaza sauti kinapita mkono hadi mkono.

"Kaka? Kaka upo?"

Kipimo kilisoma kumi na moja na nukta moja. Mkewe alimtazama.

"Nipo," alisema.

"Nabonyeza sawa? Unanisikia?" Dada yake alikuwa akipiga kelele kama mtu asiyeamini redio. "Betri yake ilikufa saa tatu na nusu. Nikamwambia tukimbie, akasema la, tutulie paani, hata kunyamaza kwangu ni ujumbe. Nisipoitika mara mbili, shem atatuma lori. Akasema nitaanza kufungua taratibu, mzunguko mmoja mmoja, wakifika watanishikia kamba. Nilikuwa na saa yangu ya mkono. Ikapita robo saa ya kwanza. Ikapita ya pili. Nikamwambia, sasa wanakuja. Akanipungia mkono kule juu, tukawangoja. Ikapita ya tatu, ikapita ya nne. Maji yakafika ukingoni, akaacha kungoja, akafungua yote peke yake."

Redio ilikwaruza.

"Kaka, mbona hamkuja?"

Mwalimu alikuwa akisikiliza kule kilimani, na katibu ofisini kwake, na vituo vingine vyote, na hakuna aliyegusa kitufe. Msoma mita alibonyeza chake.

"Mtu mwingine aliitika badala yake," alisema, "na mimi nikaandika yupo bila—"

Taa ya redio ilififia, ikawa nyekundu, ikazimika. Feni yake ndogo ilizunguka mara mbili tatu na kusimama. Alibonyeza kitufe tena, akakiachia, akakibonyeza. Hakuweza kujua neno gani lilikuwa la mwisho kufika, wala kama lilifika lolote.

Alisimama akavaa koti la mvua la kazini. Buti zilikuwa nyuma ya mlango.

"Barabara imejaa mpaka magotini," mkewe alisema. "Subiri yapungue. Lori litamleta wifi hapa hapa, atakuja."

"Najua."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kwake." Alikuwa akifunga kamba ya buti, na kidole kilikataa kupita kwenye kitanzi. "Nikisubiri, kuna mtu atamjibu kwa niaba yangu."

Mkewe aliinama akamfungia kamba ile, kisha ya pili. Alimfungulia mlango, wakausukuma kwa mabega yote mawili dhidi ya upepo, naye akaingia majini akielekea upande wa kilima, mkono mmoja ukutani.